Kuteka, Kununua au Kuchanganya: Maji ya Chumvi kwa Tangi la Nyumbani

Mtu anayetaka kufuga samaki wa baharini au matumbawe nyumbani hukabiliwa mapema na uamuzi ambao utamrudia kila anapobadilisha maji: maji ya chumvi atayapata wapi? Njia zilizopo ni tatu. Anaweza kuyateka baharini, anaweza kununua maji yaliyokwisha kuchanganywa, au anaweza kununua chumvi maalumu na kuichanganya mwenyewe na maji yasiyo na chumvi. Wengi wanaoanza hutumia muda mrefu kulinganisha aina za chumvi, ilhali kinachoamua zaidi afya ya tangi ni maji ambamo chumvi hiyo itayeyushwa, kwa kuwa hakuna chumvi, hata iwe bora kiasi gani, inayoweza kuondoa kilichomo ndani ya maji kabla haijatiwa. Ndiyo maana ulinganisho huu unakaa zaidi kwenye maji kuliko kwenye chumvi.

Kipimo cha kulinganishia

Kila kilo moja ya maji ya bahari kuu ina wastani wa gramu 35 za chumvi. Kati ya gramu hizo, kloraidi ni takriban 19.4, sodiamu 10.8, salfeti 2.7, magnesiamu 1.3, kalsiamu 0.41 na potasiamu 0.40, na ioni hizi sita, yaani chembe zenye chaji ya umeme ambamo chumvi hugawanyika inapoyeyuka, peke yake hufanya zaidi ya asilimia 99 ya chumvi yote. Mkemia Wilhelm Dittmar alichunguza sampuli 77 zilizokusanywa na meli ya Challenger katika safari yake ya miaka ya 1872 hadi 1876, na matokeo aliyoyatoa mwaka 1884 yalithibitisha kwamba uwiano baina ya ioni kuu karibu haubadiliki kutoka bahari moja hadi nyingine, hata pale kiasi cha chumvi kinapozidi au kupungua. Viumbe wa baharini wamezoea uwiano huo. Kwa hiyo njia yoyote ya kuandaa maji hupimwa kwa maswali mawili: je, inatoa uwiano huo, na je, inaingiza kitu kingine kisichotakiwa?

Kwa tangi la nyumbani, shabaha ya kawaida ni chumvi gramu 35 kwa kilo, yaani densiti linganifu (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na wa maji matupu) ya takriban 1.026 katika nyuzi joto 25 za Selsiasi, na pH, kipimo cha uasidi, kati ya 8.1 na 8.4. Kwa matumbawe shabaha hujumuisha pia kalsiamu ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu ya 1,250 hadi 1,350, na ualkali, yaani akiba ya bikaboneti na kaboneti inayozuia pH kuyumba, wa digrii 7 hadi 9 kwa kipimo cha dKH. Tangi la samaki pekee halihitaji ukali huo wote, na samaki wengi huvumilia chumvi iliyo chini kidogo ya 35 mradi isibadilike ghafla.

Chumvi ya jikoni inafaa kuondolewa kwenye orodha mapema. Ile ya mezani ni sodiamu kloraidi karibu tupu, na mara nyingi huwa imetiwa iodini pamoja na kemikali ya kuizuia isigandamane. Hata chumvi ya kupikia iliyotoka baharini haiwezi kurudishwa majini ikawa bahari tena, kwa sababu katika mashamba ya chumvi kalsiamu hutangulia kuganda na kubaki nyuma, kisha huvunwa sodiamu kloraidi, na maji machungu yanayosalia, yenye sehemu kubwa ya magnesiamu, hutolewa. Kinachofika kwenye pakiti ni kipande kimoja tu cha bahari.

Maji ya kutekwa baharini

Kwa upande wa uwiano, maji haya hayana mpinzani, maana yenyewe ndiyo kipimo. Yana pia viambato vile vidogo vidogo ambavyo watengenezaji wa chumvi hujitahidi kuviiga, na chumvi yake hainunuliwi. Majumba makubwa ya maonyesho ya viumbe wa majini yaliyo ufukweni huyatumia: la Monterey Bay, katika jimbo la California, huyavuta moja kwa moja kutoka kwenye ghuba iliyo mbele yake. Jumba la Shedd la Chicago, lililo mbali na bahari, liliyapata kwa njia ngumu zaidi lilipokuwa likiandaliwa kufunguliwa mwaka 1930: mabehewa 20 ya tangi yalikwenda na kurudi mara nane hadi Key West, Florida, yakasafirisha takriban galoni milioni 1. Mfano huo unaonyesha kwamba thamani ya maji ya asili huanza kupungua mara tu mtu anapotoka ufukweni. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo moja kidogo, hivyo dumu la lita 20 ni mzigo wa zaidi ya kilo 20, na tangi la lita 200 linalobadilishiwa asilimia 10 kila wiki linadai dumu hilo wiki baada ya wiki, mvua inyeshe au jua liwake.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba maji ya karibu na nchi kavu si maji ya bahari kuu. Mahali ambapo mto unamwaga maji yake, chumvi hushuka na matope hupanda. Karibu na bandari kuna mafuta na rangi za meli, ambazo baadhi hutengenezwa kwa shaba makusudi ili viumbe visishike kwenye mbao na chuma. Na baada ya mvua kubwa, mitaro huleta mbolea na taka za mashamba na za mji. Anayeteka anapaswa kuchagua ufuko ulio wazi, ulio mbali na mlango wa mto, wakati maji yanajaa na si yanapokupwa, kwa kuwa maji yanayojaa huletwa kutoka nje na yanayokupwa huburuta uchafu wa ufukoni. Chumvi ipimwe papo hapo kabla ya kujaza madumu. Ni vyema pia kuhakikisha kwamba eneo hilo si hifadhi ambamo kuchukua chochote kunakatazwa.

Kisha kuna viumbe hai waliomo. Lita moja ya maji ya bahari imejaa mimea na wanyama wadogo wasioonekana kwa macho, na hao, wakifungiwa kwenye dumu bila mwanga wala hewa, hufa na kuoza, na amonia hupanda. Njia za kushughulika nao ni mbili. Ya kwanza ni kuyachuja kwa kitambaa kizito na kuyatumia mara moja, siku ileile, jambo linalohifadhi uhai uliomo lakini pia linaacha mlango wazi kwa vimelea. Ya pili ni kuyaweka gizani ndani ya pipa lililofunikwa, yakipigwa hewa, kwa wiki mbili au zaidi hadi mabaki yatulie chini na vimelea vinavyohitaji samaki ili kuendelea kuishi vipungue, kisha kuvuta maji ya juu tu na kuyapima amonia. Wapo wanaoyaua kabisa kwa klorini na kuiondoa baadaye kwa sodiamu thiosalfeti. Njia hiyo ni salama ikiwa mtu anapima klorini iliyosalia, na ni ya hatari ikiwa anakisia.

Jambo moja husahauliwa hapa. Ualkali wa maji ya asili ni karibu digrii 7, na kalsiamu yake ni karibu miligramu 410 hadi 420 kwa lita. Katika tangi lililojaa matumbawe magumu yanayokua, viwango hivyo hushuka haraka, na kubadilisha maji ya asili peke yake hakutoshi kuvirudisha. Kwa hiyo anayetegemea maji ya bahari hajaepuka gharama ya kemikali za kuongezea.

Maji yaliyo tayari

Maji yaliyochanganywa na muuzaji ni njia inayodharauliwa kupita kiasi. Kwa tangi la lita 30 au 40, ambalo linahitaji lita tatu au nne tu kwa wiki, kununua mtambo wa kusafisha maji, pipa, pampu na mfuko mkubwa wa chumvi ni kujitwisha mzigo usiolingana na safari. Mwenye tangi dogo anayenunua maji tayari huepuka pia hatari ya chumvi kunyonya unyevu na kuganda kabla hajaimaliza.

Kasoro yake ni kwamba mnunuzi anakabidhi maamuzi yote kwa mtu mwingine. Inambidi aulize maji hayo yalichanganywa na maji gani, kwa chumvi ipi na kwa kiwango gani, kwa sababu baadhi ya wauzaji huweka chumvi chini kidogo ya 35, kiwango kinachowafaa samaki wao wa dukani lakini kisichofaa kwa matumbawe ya mteja. Kila dumu lipimwe nyumbani, hata kama la wiki iliyopita lilikuwa sawa. Ukubwa wa tangi ukipita takriban lita 100, uzito na gharama ya kurudia huifanya njia hii ichoshe, ila inabaki kuwa akiba nzuri ya dharura kwa mtu yeyote.

Maji ya kuchanganya nyumbani: swali la maji

Hii ndiyo njia ya wengi, na ndiyo inayotoa maji yaleyale kila wiki ikiwa itafanywa kwa mpangilio. Ndani yake mna chaguo mbili kubwa: maji ya bomba yaliyotibiwa, au maji yaliyosafishwa kwa osmosisi kinyume, yanayojulikana madukani kama maji ya RO.

Hoja ya wanaotetea bomba ni kwamba maji yanayonywewa na binadamu hayawezi kumdhuru samaki. Hoja hiyo haisimami, na shaba ni mfano unaotosha kuiangusha. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mwongozo cha shaba katika maji ya kunywa kuwa miligramu 2 kwa lita. Wafugaji wa samaki wa baharini, kwa upande wao, hutumia shaba kama dawa ya vimelea kwa kipimo cha miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, na dawa hiyo hutiwa katika tangi la karantini pekee kwa kuwa huua kamba, konokono na matumbawe. Maji yanaweza basi kuwa na shaba mara kumi ya dozi hiyo, hasa yakiwa yamelala usiku kucha ndani ya mabomba ya shaba, na bado yakawa halali kwa kunywa. Kwa naitreti kikomo cha shirika hilo ni miligramu 50 kwa lita, kiwango ambacho mwenye matumbawe angekiona ni janga.

Vilivyomo ndani ya maji ya bomba huleta madhara ya namna tofauti. Klorini ndiyo nyepesi kuliko vyote, kwa sababu hutoroka yenyewe maji yakiachwa wazi na kukorogwa kwa hewa kwa siku nzima, au huondolewa mara moja kwa thiosalfeti. Kloramini, ambayo mamlaka nyingi za maji huitumia badala yake kwa kuwa hudumu zaidi ndani ya mabomba, haitoroki kwa urahisi hivyo. Thiosalfeti huivunja, lakini mabaki yake ni amonia, na katika pH ya 8.2 sehemu ya amonia iliyo katika umbo la sumu ni zaidi ya mara kumi ya ile inayokuwapo katika pH ya 7. Anayetumia maji yenye kloramini anahitaji dawa inayoshughulikia amonia pia, si klorini peke yake. Fosfeti na naitreti hulisha mwani. Silikati huleta ule utando wa kahawia unaofunika mchanga na vioo vya tangi jipya, na mwenye tangi hulaumu taa au chakula wakati chanzo chake kinatoka bombani.

Kinachoamua zaidi, hata hivyo, ni mlundikano. Maji yanapokauka kutoka kwenye tangi, chumvi na uchafu hubaki, na kinachopungua ni maji matupu. Ndiyo sababu pengo hilo hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi. Chukulia tangi la lita 100 linalopoteza lita moja kwa siku na kujazwa kwa maji ya bomba yenye miligramu 200 za vitu vilivyoyeyuka kwa kila lita. Katika mwaka mmoja huingia gramu 73 za vitu ambavyo havikupangwa, na kubadilisha maji kwa maji hayohayo ya bomba hupunguza sehemu tu ya mlundikano huo. Mtu anaweza basi kufuga kwa miezi kadhaa bila tatizo, akaamini kuwa bomba lake ni zuri, kisha mwani ukamvamia bila kosa lolote jipya.

Mtambo wa osmosisi kinyume husukuma maji kwa shinikizo kupita kwenye utando wenye vitundu vidogo mno. Kabla ya utando huwekwa kichujio cha matope na kichujio cha mkaa, na mkaa huo ni wa lazima kwa sababu klorini huharibu utando. Utando mzuri huzuia takriban asilimia 95 hadi 98 ya vilivyoyeyuka. Kwa mfano, maji yaliyoingia yakiwa na miligramu 300 kwa lita hutoka yakiwa na 6 hadi 15. Mabaki hayo hunaswa na resini iliyo mwishoni, yaani punje zinazonasa ioni, na kipimo cha TDS, yaani cha jumla ya vilivyoyeyuka, husoma sifuri. Resini ikianza kuchoka, silikati ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuponyoka, na kwa kuwa kipimo cha TDS hupima umeme unaopita majini, silikati inaweza kutoroka kabla namba haijapanda. Resini ibadilishwe namba inapoanza kupanda tu, bila kusubiri iwe kubwa.

Gharama yake iko wazi. Mbali na bei ya mtambo na vichujio, mtambo wa kawaida hupeleka kwenye mfereji lita tatu hadi nne kwa kila lita moja safi, na maji hayo ya pembeni yafaa kukingwa kwa kufulia au kusafishia, kwani hayana ubaya wowote isipokuwa yamekolea madini zaidi kidogo kuliko yalivyoingia. Mtambo pia ni wa polepole. Anayehitaji lita 40 Jumamosi anaanza kukinga Ijumaa.

Kwa hukumu yangu, maji ya bomba yanakubalika katika hali moja tu: tangi la samaki pekee, bomba lenye maji laini, yaani yenye madini machache, ambalo mtu amelipima, na kloramini imeshughulikiwa. Kwa tangi lenye hata kamba mmoja au tumbawe moja, mtambo wa RO wenye resini una faida kubwa kuliko chumvi yoyote ghali. Mwenye fedha za kitu kimoja anunue mtambo na chumvi ya kawaida, badala ya chumvi ya kifahari na maji ya bomba.

Maji ya chupa hayafai kudhaniwa kuwa safi kwa maana hii, kwa kuwa mengi yana madini yaliyotiwa au yaliyoachwa makusudi. Yaliyokenekwa yanafaa kabisa kwa tangi dogo, ilimradi mtambo wa kuyakeneka hauna koili za shaba. Maji ya mvua ni safi yanapoondoka angani, lakini hukusanya paa, mifereji na vumbi, nami siyapendekezi.

Chumvi ya samaki au chumvi ya matumbawe

Chumvi za matangi hugawanyika katika makundi mawili. Zile za kawaida zikichanganywa hutoa ualkali na kalsiamu vilivyo karibu na vya baharini. Zile za matumbawe huongezwa kalsiamu, magnesiamu na ualkali, na baadhi hufikisha ualkali wa digrii 11 au 12. Kwa samaki pekee, ya kawaida inatosha, na anayenunua ya matumbawe analipia kitu ambacho hakuna kiumbe katika tangi lake atakayekitumia.

Kwa mwenye matumbawe uamuzi hautegemei namba kubwa bali namba inayokaribiana na ya tangi lake. Tangi lililo katika digrii 8 likibadilishiwa asilimia 10 kwa maji ya digrii 12, hupanda hadi 8.4, mabadiliko ambayo hayatambuliwi. Likibadilishiwa asilimia 30, hupanda hadi 9.2 kwa saa moja, na matumbawe magumu yenye ncha laini huweza kuungua. Anayebadilisha kidogo na mara nyingi anaweza kutumia chumvi yenye ualkali mkubwa ili ifidie kile matumbawe yanachotumia. Anayebadilisha mengi kwa mpigo achague ile iliyo karibu na 8.

Aina yoyote itakayochaguliwa, mfuko ugeuzwe na kuchanganywa kabla ya kuchota. Chembe ndogo hushuka chini safarini, na anayechota juu kwa juu anapata mchanganyiko tofauti na atakaoupata mwisho wa mfuko. Baada ya hapo ufungwe kwa nguvu, kwa sababu chumvi iliyonyonya unyevu huwa na uzito usio wa chumvi na gramu zake hudanganya.

Jinsi mchanganyiko unavyofanyika

Chukulia lita 20 za maji ya RO ndani ya pipa la plastiki linalofaa kwa chakula. Pampu ndogo huwashwa kwanza hadi maji yazunguke, na hita huyapasha hadi nyuzi 24 au 25. Kisha chumvi humiminwa kidogo kidogo, kikombe baada ya kikombe, pale mkondo ulipo na nguvu. Kwa kuwa chumvi za mfukoni huwa na maji kiasi ndani ya chembe zake, huhitajika zaidi ya gramu 35 kwa lita, kwa kawaida 36 hadi 38, hivyo kwa lita 20 mtu huanza na gramu 700 na kumalizia kwa kupima. Utaratibu huu haugeuzwi. Maji yakimiminwa juu ya chumvi iliyotangulia, sehemu ya chini huwa kali kupita kiasi, kalsiamu na kaboneti hukutana na kuganda, na huonekana kama unga mweupe unaokataa kuyeyuka hata kwa siku mbili. Unga huo ni ualkali na kalsiamu zilizokwisha kupotea, na kuongeza chumvi hakuvirudishi.

Weupe wa maziwa unaotokea mwanzoni na kutoweka ndani ya saa chache ni wa kawaida. Ukoko unaoshika kwenye hita na kuta za pipa ni dalili ya mgando, hasa kwa chumvi zenye ualkali mkubwa zilizoachwa zikizunguka kwa joto siku nyingi. Chumvi za namna hiyo zitumike mara zikishayeyuka na kupimwa. Za kawaida zinaweza kukaa usiku mzima, na hewa ya pampu husaidia pH itulie.

Kipimo kikisoma 33, pengo ni takriban gramu mbili kwa kila lita, yaani gramu 40 kwa pipa zima, pamoja na nyongeza ndogo kwa ajili ya unyevu. Kikisoma 37, huongezwa lita moja na kidogo ya maji ya RO. Chumvi isimiminwe kamwe ndani ya tangi lenye viumbe, kwa kuwa chembe zinazowaangukia huwachoma kabla hazijayeyuka.

Vipimo vitatu

Hidromita ya mkono unaoyumba, inayopima densiti, ndiyo ya bei nafuu. Viputo vya hewa vinavyonata kwenye mkono huufanya usome juu kuliko ukweli, na chumvi iliyokaukia kwenye ekseli huubana. Ikioshwa kwa maji safi kila baada ya matumizi na kugongwa kidogo kabla ya kusoma, inamfaa mwenye samaki pekee, ambaye hitaji lake ni kujua kwamba wiki hii ni kama wiki iliyopita.

Rifraktomita, inayopima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya matone machache ya maji, ni bora zaidi, ikiwa na masharti mawili. Sharti la kwanza ni kwamba nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya maji yenye sodiamu kloraidi tupu, si maji ya bahari, nazo husoma 36.5 zinapopewa maji ya bahari ya 35. Mwenye nayo hupunguza chumvi kwa bidii hadi isome 35, na tangi lake hubaki karibu na 33.5 siku zote. Sharti la pili ni kwamba kuirekebisha kwa maji matupu hadi isome sifuri hakuhakikishi kuwa iko sawa katika 35. Dawa ya yote mawili ni kuirekebisha kwa kimiminika cha 35 chenyewe. Anayekikosa anaweza kuyeyusha gramu 36.5 za sodiamu kloraidi safi katika gramu 963.5 za maji ya RO, akapata kimiminika kinachopindisha mwanga sawasawa na maji ya bahari ya 35, kisha akairekebisha isome 35. Hii ndiyo kazi pekee niliyoiona chumvi ya mezani, isiyotiwa kitu kingine, ikiifanya vizuri katika ufugaji huu.

Kipima umeme, kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme, husoma takriban milisimensi 53 kwa sentimita katika nyuzi 25 kwa maji ya 35, ni chepesi kutumia na hakitegemei jicho la mtu. Nacho huhitaji kimiminika cha kurekebishia, na ncha yake ikiwa chafu husoma chini.

Nani achague ipi

Anayeishi karibu na ufuko ulio wazi, mwenye chombo cha usafiri, pipa la kuhifadhia gizani na tangi kubwa kiasi cha kufanya safari iwe na maana, ateke baharini, akiweka chumvi ya mfukoni kando kwa majira ya mvua ambapo maji ya ufukoni hayaaminiki. Mwenye tangi la chini ya lita 40 anunue yaliyo tayari na aweke fedha zake kwenye rifraktomita. Kwa ukubwa wa kati, lita 40 hadi 100, hakuna jibu moja: anayefuga samaki pekee anaweza kuendelea kununua, ila aliyeanza kuweka matumbawe atahitaji maji ya RO ya kujazia kila siku, na akishakuwa na mtambo hakuna sababu ya kubeba madumu. Juu ya hapo, kuchanganya nyumbani kwa maji ya RO ndiyo njia ninayoipendekeza kwa karibu kila mtu.

Anayehama kutoka njia moja hadi nyingine asibadilishe tangi zima kwa siku moja, hata kama maji mapya ni bora. Apime chumvi, ualkali na pH ya pande zote mbili, alinganishe joto, kisha abadilishe asilimia 10 kwa wiki hadi tofauti iishe. Tangi lililokaa muda mrefu kwa maji ya bomba huenda limehifadhi fosfeti ndani ya mawe na mchanga, na fosfeti hiyo huendelea kutoka kwa wiki nyingi baada ya maji safi kuanza kutumika, kwa hiyo mwani usipopungua katika mwezi wa kwanza, mtambo mpya usihukumiwe kwa hilo.